Machela ya Watu wa Kivumu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nasema Bwana asifiwe, watu wa Kasulu, na ninyi wa Kibondo na Mabamba mliokaa juu ya magunia kwenye lori mpaka mgongo ukasahau kama ni mgongo! Asifiwe sana. Mchungaji amenionya nisiseme maneno mengi. Nitajitahidi, lakini mchungaji mwenyewe ananijua.

Mimi ni mama yake Zabroni. Zabroni ni yule kijana anayepiga ngoma ya kwaya, yule anayegeuza kichwa upande kama kuku akitaka kukutazama vizuri. Msimcheke. Ndiyo habari niliyosimama kuwaambia, kwa nini anageuza kichwa, na kwa nini anacho kichwa cha kugeuza mpaka leo.

Ndugu zangu, kabla ya operesheni ya vijiji sisi tulikuwa watu wa kilima. Kilima chetu kinaitwa Gasenyi. Kila nyumba ilikaa ndani ya migomba yake, huku moja, kule nyingine, lakini mtoto wa Gasenyi hakuwa na pa kujificha. Akivunja muwa kwa huyu, anachapwa na yule, na akifika nyumbani habari imeshafika na imekaa inamngoja. Mimi mwenyewe nilichapwa na wanawake ambao hata leo sijui walikuwa shangazi zangu kwa njia gani.

Halafu tukahamishwa. Sikuja hapa kuisema serikali. Shule tulipata, maji ya bomba tulipata. Lakini tulihama haraka haraka, migomba tukaiacha imesimama na mikungu yake, tukapangwa kando ya barabara nyumba kwa mstari, watu wa vilima mbalimbali tumechanganywa kama maharage kwenye ungo. Watu wengi wa Gasenyi walipelekwa mbali, upande wa Kibondo. Tuliobaki kijijini kwetu tulikuwa wachache. Jirani yangu wa kulia akawa Mzee Filimoni, mtu wa kilima cha Kivumu, pamoja na mjukuu wake wa kike, Leya. Sisi na watu wa Kivumu hatukuwa na ugomvi wowote. Tulikuwa na salamu ya njiani, basi.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana ni kosa la sisi Waha, mtu wa pwani asingelikosa hivi. Kwetu mtoto hukemewa na watu wa kilima chake. Wa kilima kingine akimgusa, mnaitana kikao, na mbuzi anaweza kutoka. Sheria hiyo tukaibeba pamoja na vyungu na mikeka, tukaja nayo barabarani, tukaitundika ndani ya nyumba mpya. Nilimwona Leya akirudi jioni macho mekundu, anacheka peke yake. Nikasema moyoni, watu wa Kivumu watamwona. Mzee Filimoni naye alimwona Zabroni wangu anapita uchochoroni na wenzake, wamebeba madebe wakati bomba la maji liko upande wa pili. Akasema moyoni, watu wa Gasenyi watamwona. Gasenyi gani, ndugu zangu? Gasenyi ilikuwa imebaki nyasi!

Vijana wale walikuwa wamemaliza darasa la saba, hawakuchaguliwa kuendelea. Asubuhi wanaonekana shamba la kijiji, jua likipanda hawaonekani tena. Zabroni akawa hali nyumbani. Ukimsemesha anakujibu kwa mabega. Baba yake, mume wangu Elia, akawa anamchapa, mimi napiga kelele, na siku iliyofuata tunaanza upya palepale. Ikafika siku alimwinulia baba yake jembe. Hakulishusha, Mungu ni mwema, lakini aliliinua, na mimi nililiona likiwa juu. Tangu siku ile nikawa namwogopa mwanangu. Mnajua kumwogopa mtoto uliyemzaa? Unampikia chakula huku unasikiliza hatua zake mlangoni, uone zimekuja na hali gani.

Kanisani nilikuwa nakuja, ndiyo, na kitambaa cha kichwa nimekipiga pasi. Lakini kuomba kwa kweli sikujua. Nilikuwa nasema maneno tu.

Ikawa siku moja wakati wa kiangazi, niko uani napukuchua mahindi, Leya akaja anakimbia. Hana kitambaa kichwani, miguu imechanwa na nyasi. Akaniambia, "Mama Zabroni, njoo mahame! Zabroni haoni!"

Nikamwambia, "Haoni nini?"

Akasema, "Haoni, mama! Haoni kitu!"

Mahame ndiyo makazi yetu ya zamani, kule kilimani tulikoondolewa. Nilikimbia, ndugu zangu, na mwili huu mnaouona. Elia alikuwa anachimba shimo la choo, akaacha jembe akanifuata bila kuuliza. Na Leya alinipeleka wapi? Alinipeleka kwangu! Kwenye kiwanja cha nyumba yangu mwenyewe, kwenye mafiga yangu matatu, pale pale nilipomzalia huyo Zabroni. Watoto wetu walikuta ndizi zinaiva hazina mwenyewe. Wakaanza kwa kuzila, wakaendelea kwa kuzikamua pombe, wakaishia kupika moshi, gongo hii inayoua watu. Debe lao lilikuwa limewekwa juu ya mafiga yangu. Nikaligeuza nikaona ile alama ya fuvu la kichwa. Debe la dawa ya wadudu! Waliliokota huko walikoliokota, wakalisuuza kwa maji ya mtoni, wakaona limetakata.

Wenzake wote walikuwa wamekimbia. Mwanangu amelala chini ya mgomba, mate yanamtoka, tumbo linamkata, macho ameyakodoa kwenye jua wala hapepesi. Jua la utosini! Akanisikia, akaniambia, "Mama, mbona giza limeingia mapema?"

Mawe, mama yangu wee! Nililia kilio ambacho sijakilia tena. Nikamwita Mungu kwa Kiha, kwa maana Kiswahili kilinikimbia. Imana! Imana! Nikasema, Mungu, tuma malaika. Hapo sikuwa na maneno ya kupamba. Nilikuwa na hayo tu.

Elia alimbeba mgongoni mpaka kijijini. Zahanati imefungwa, mganga amekwenda Kasulu kuchukua dawa. Gari hakuna, mafuta yenyewe mnajua yalivyokuwa. Kutoka kwetu mpaka hospitali ya Kasulu ni mwendo wa kutwa kwa mtu mzima mwenye miguu, milima mnaifahamu, na mchana ulikuwa umeshafika. Mgonjwa kama yule anatakiwa machela. Sisi tunaiita ingobyi, ile ya kusuka kwa matete, ina miti miwili ya kuweka begani. Ya Gasenyi tulikuwa tumeiacha mahame, mchwa wameimaliza. Ya Kivumu ilikuwepo. Imetundikwa kwenye paa la Mzee Filimoni, naiona kila siku mlango wake ukiwa wazi.

Ninyi mliozaliwa kilimani mnajua jambo lililokuwa mbele yangu. Machela ni ya kilima. Inabeba wa kilima na inabebwa na wa kilima, kwa zamu, na asiyetoa bega lake habebwi siku yake. Wazee wetu walikuwa wanasema mgeni akifia ndani ya machela yenu, msiba umehamia kwenu, mtazika mpaka mchoke. Nilikwenda nikapiga magoti mlangoni kwa Mzee Filimoni. Alitoka, akamtazama Zabroni, akatazama paa.

Akasema, "Mama, hii ni ya Kivumu. Akifia humu, nitawaambia nini watu wangu?"

Nikamjibu kwa hasira, sikuficha. "Na asipobebwa akafia hapa mlangoni pako, utawaambia nini?"

Wanaume wa Kivumu walikuwa wamekusanyika, wanatazama chini. Mmoja akasema tuwatafute kwanza watu wa Gasenyi, ni haki yao kubeba. Wa Gasenyi waliokuwa shambani walikuwa mbali, na mwanangu alishaanza kukoroma. Ndipo Leya akasogea mbele. Akasema, "Babu, hata mimi nimeonja."

Mzee alimtazama mjukuu wake kama anamwona kwa mara ya kwanza. Akamvuta, akamnusa mdomo. Kisha akaingia ndani, akashusha machela kwa mikono yake, vumbi likamwagikia kichwani. Akasema, "Mlazeni. Twendeni wote."

Tukaondoka. Wanaume wa Kivumu mbele na nyuma, Elia kati yao, mimi pembeni nashika mkono wa Zabroni, Leya anatembea nyuma na babu yake. Nilikuwa namsemesha mwanangu asilale. Nikimwita anaitika, halafu anaitika polepole, halafu namwita haitiki, nambana kidole mpaka agune. Wabebaji wanakwenda ule mwendo wa kukimbia nusu, miti inalia mabegani. Mlima wa kwanza tukapanda. Tukashuka, tukavuka kijito, tukaanza wa pili. Hapo nikasikia nyuma mtu anatapika.

Alikuwa Leya. Amepiga magoti barabarani, jasho linamtiririka, anasema miguu hana. Wabebaji wakasimama. Machela ni moja! Machela ni ya Kivumu, ndani yake amelala mtoto wa Gasenyi, na mtoto wa Kivumu yuko chini kwenye vumbi. Mmoja wa wale wanaume, simtaji, tumekwisha kusameheana, akasema, "Mshusheni huyu. Tumbebe wa kwetu."

Na wale wa mbele wakaanza kushusha miti kutoka mabegani.

Nikamkumbatia Zabroni mumo humo ndani ya machela, nikasema wakimshusha watanishusha na mimi. Lakini nilikuwa namwona pia yule binti. Nilikuwa namwona, ndugu zangu! Alikuwa ananitazama mimi, yeye aliyekimbia miguu ikachanika kuja kuniita. Na Mzee Filimoni kasimama katikati, kila mtu anamngoja yeye aseme.

Mume wangu Elia ni mtu wa maneno machache. Mimi ndiye niliyepewa ya kwake. Alitoka kwenye mti wake, akaenda akachuchumaa mbele ya Leya, akampa mgongo, kama mnavyompa mgongo mtoto mdogo mkivuka mto. Msichana mkubwa yule! Akamwambia, "Panda, mwanangu." Leya akapanda. Elia akamfunga kwa kitenge nilichomtupia, akasimama, akaanza kupanda mlima.

Mzee Filimoni akalia. Mzee mzima, barabarani. Akawageukia watu wake akasema, "Mmeona? Inueni!" Na yeye mwenyewe, na uzee wake, akaingia kwenye mti alioacha mume wangu.

Tulikwenda hivyo. Mtu wa Gasenyi kabeba binti wa Kivumu, watu wa Kivumu wamebeba kijana wa Gasenyi. Kila tulikopita watu walikuwa wanatoka mashambani kuuliza, "Ni mgonjwa wa kilima gani?" Mzee Filimoni anawajibu kwa ukali, "Ni watoto! Toeni mabega!" Wakawa wanatoa. Mtu anaacha jembe, anabeba mpaka kilima kinachofuata, anampisha mwingine. Leya naye wakampokezana mgongo kwa mgongo. Wakimbizi waliokuja kutoka Burundi wakati ule wa machafuko, ambao sisi tulikuwa tunawapita tu, walitubebea sehemu ndefu kuliko wote, maana wao wanajua kubeba mtu na kukimbia. Tulipoingia hapa mjini giza limeshaingia, mwenye duka mmoja, Mwislamu, alikuwa anafunga milango yake. Aliacha duka wazi, akavua kofia akaiweka mfukoni, akaingia kwenye mti mpaka mlango wa hospitali. Sikumjua jina. Mungu anamjua.

Niliomba malaika, ndugu zangu. Mungu akanitumia majirani ambao nilikuwa siwasalimii vizuri! Ndipo nilipookoka, pale mlimani, wala si kwa mahubiri. Nilimwona Yesu kwenye mgongo wa mume wangu.

Hospitalini wakawaosha matumbo, wakawatundikia maji. Leya aliamka mapema, akaomba uji. Zabroni alikawia. Kila nikilala sakafuni chini ya kitanda chake nasikiliza pumzi, na ikikawia kidogo ya kwangu nayo inasimama. Asubuhi moja akanyoosha mkono, akagusa uso wangu, akasema, "Mama, umekonda." Aliniona! Jicho moja lilirudi lote. La pili lilirudi nusu, ndiyo maana anageuza kichwa. Mimi naliita jicho la ukumbusho, yeye hapendi nikilisema hivyo.

Sasa ngojeni, mchungaji, usiniangalie hivyo, sijamaliza. Tuliporudi, mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Akaanza kuwasema vijana. Wahuni, wavivu, wanatia aibu kijiji, waletewe mgambo. Watu wanaitikia, eeeh, eeeh. Mzee Filimoni akainuka kabla hajaruhusiwa. Akasema, "Mwenyekiti, tuliwabeba hawa wakiwa wanakufa, na tukaweza. Tulishindwa nini kuwabeba wakiwa wazima?"

Mwenyekiti akamwuliza Leya, kwa ukali kidogo, kule mahame walikuwa wanafuata nini. Binti akasimama. Akasema, "Kule vilimani ndiko kwetu. Hapa barabarani nikipita, hakuna anayeniita jina."

Niliinamisha kichwa. Nilikuwa nimeishi naye ukuta kwa ukuta, nikimwita "yule wa Kivumu".

Basi tukapatana, na haikuwa rahisi, msidanganyike. Tulivunja ile sheria ya kilima. Tukasema mstari wote huu sasa ni kilima kimoja, na zamu za machela zitakuwa zamu za watoto. Kila jioni nyumba mbili zinatoka, ya kilima hiki na ya kilima kile, zinapita kuuliza kila kijana anayeonekana, umetoka wapi, umekula? Hakuna nyumba itakayomuuzia kijana pombe wala kumwachia chungu cha pombe. Migomba ya mahame tukaenda kuivuna sote pamoja na vijana wenyewe, na madebe yao wakayatoboa wao kwa mikono yao. Fundi seremala akachukua wanne, kina mama wa ususi wakachukua wasichana, mwalimu akatafuta mpira, na kanisa likatoa ngoma. Ndiyo ile ngoma.

Mzazi wa kwanza ambaye mtoto wake alikemewa na mtu wa kilima kingine alikuja na fimbo mlangoni kwangu. Mimi ndiye niliyemkemea mtoto, na nilimkemea vizuri! Tukagombana mpaka kijiji kikatoka kutazama. Mama mmoja aliyekuwa akiuza gongo kijijini naye hakutusalimia mwaka mzima. Kuna vijana waliotoroka, na mmoja hatujui alipo mpaka leo, tunamwombea kwa jina. Sikuja kuwaambia kwamba kijiji chetu ni mbinguni. Lakini jembe halijainuliwa tena nyumbani kwangu, na Zabroni anakula chakula chake akicheka.

Na msimu wa mvua uliopita Mzee Filimoni aliteleza akavunjika mguu. Machela ikashushwa. Nani walibeba? Zabroni mti wa mbele, na wenzake wale wale wa debe! Mzee aliwagombeza njia nzima, mnanitikisa, mnanitikisa, ninyi mmejifunzia wapi kubeba? Zabroni akamjibu, "Kwako, babu." Yule pale, benchi la nyuma, na mkongojo wake. Anajifanya hanisikii.

Namshukuru Mungu aliyeninyima gari siku ile, maana gari lingembeba mwanangu peke yake. Mtumaini, ndugu yangu unayemwogopa mtoto wako usiku huu. Mlilie, na ukishamlilia fungua mlango, kwa maana jibu lake huja na miguu ya jirani.

Nakaa sasa. Ila kabla hamjaniitikia amina, nina ombi moja. Kila mmoja amgeukie jirani yake hapo benchini, amwulize mtoto wake anaitwa nani. Ulizeni sasa, kwa sauti. Nataka kuyasikia hayo majina.